Karamojo Bell: Msee Aliyeangusha Ndovu 1,011 kwa Risasi Ndogo, na Siri Ambayo Wengi Hawaijui

Leo tunarudi kitambo sana, enzi babu ya babu yako akiwa mtoi. Weka simu chaji, chukua chai, kwa sababu hii stori iko na bunduki, meno ya ndovu, doo, na swali moja ambalo wasee wa bunduki wanabishania hadi leo.

Lakini wacha tuanzie nyumbani, Garsen.

Kama umewahi kupanda basi ya Mombasa kwenda Lamu unaijua. Pale barabara inagawanyika, moja inaenda Lamu, nyingine inapanda Hola hadi Garissa. Jua kali, vumbi, na mto Tana uko hapo karibu. Wapokomo wanalima kando ya mto, Waorma wanachunga ng'ombe. Halafu kuna Wawaata, ambao wengine huwaita Wasanye, watu ambao hautawaskia sana kwa habari. Hao ndio waliokuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kutoka Tana hadi Tsavo kabla mzungu yeyote afike na bunduki yake.

Na waliwinda na nini? Uta na mshale. Si mchezo, uta wa Mwaata ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta. Mshale mwembamba, sumu ya kuchemshwa kutoka kwa mti, na mwindaji anamsogelea ndovu hatua chache tu kabla ya kuachilia. Ndovu ni tani 5 au 6. Mshale ni kitu unashika kwa vidole viwili. Na bado ndovu alianguka.

Shika hiyo picha ya kitu kidogo kinaangusha kitu kikubwa, mradi kimepigwa karibu na mahali panapofaa. Sasa twende tukutane na chali wa Scotland aliyefikia jibu hilo hilo kwa njia yake.

Mtoi yatima aliyetaka Afrika tu

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa 1880 karibu na Edinburgh, kwa familia yenye uwezo. Mathe aliaga Bell akiwa na miaka 2. Fathe akafuata Bell akiwa na 6. Mabro wake wakubwa ndio walimlea, na manze aliwasumbua. Shule ilimboo, akawa anatoroka. Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa anafanya kazi melini. Kichwani alikuwa na kitu kimoja tu: kwenda Afrika kuwinda ndovu.

Akiwa bado kijana wa kama miaka 17 akashuka Mombasa. Wakati huo ndio ile reli ya kwenda Uganda ilikuwa inajengwa, na simba walikuwa wanasumbua wafanyakazi. Bell akapata job ya kulinda misafara dhidi ya simba. Wewe ukiwa 17 ulikuwa unaogopa mtihani wa hesabu. Huyu alikuwa analipwa kukaa macho usiku akingoja simba.

Bunduki yake ilikuwa .303 ya kuingiza risasi moja moja. Hiyo namba isikuchanganye, ni upana wa mtutu kwa inchi, karibu milimita 7.7. Shida ilikuwa moja: kwa joto la huku kwetu, ganda la risasi lilikuwa linakwama ndani baada ya kupiga. Baruti za enzi hizo zilitengenezwa Ulaya kwenye baridi. Ukizileta kwa jua la Tsavo, presha inapanda, ganda linavimba na kung'ang'ania mtutu. Imagini umepiga simba, hajaanguka, na wewe unang'ang'ana kutoa ganda na kucha.

Hapo ndipo Bell alipata somo lake la kwanza. Haijalishi risasi yako ni kali kiasi gani kama bunduki haitakubali kupiga ya pili.

Akazunguka dunia, akarudi

Hakukaa. Mwaka wa 1898 alikuwa Kanada, kule Yukon, wakati kila mtu alikuwa anakimbilia dhahabu. Huko aliwinda na kuuza nyama kwa wachimbaji wa Dawson. Partner wake akamchezea, akahepa na doo zote. Bell akauza bunduki, akajiunga na jeshi la Kanada lililokuwa linaenda Afrika Kusini kwa vita vya Waboer. Huko alishikwa mateka, akatoroka.

Sasa cheki hii. Waboer walikuwa wanapigana na bunduki ya Mjerumani inaitwa Mauser, iliyotumia risasi ya milimita 7, ganda lenye urefu wa milimita 57. Ilikuwa nyepesi, inalenga vizuri, na iliwapea Waingereza presha ya ukweli. Risasi hiyo ya 7x57, fundi wa London aitwaye Rigby baadaye aliiuza kwa jina la Kiingereza, .275 Rigby. Kitu ni kile kile, jina limebadilishwa tu, vile mtu huzaliwa Otieno akienda majuu anajiita Steve.

Vita vilipoisha 1902, Bell akarudi Afrika Mashariki. Safari hii hakuna kulinda reli. Akaenda Mumias, wakati huo kituo kikubwa cha misafara, akakusanya wapagazi na chakula, akapita Mlima Elgon na kuingia Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Ndovu walikuwa wengi na serikali ilikuwa mbali. Alikaa miaka kama mitano akiingia na kutoka, na hapo ndipo alipata jina Karamojo Bell.

Sasa tuingie kwa mambo: risasi gani?

Enzi hizo, msee wa kuwinda ndovu alikuwa anabeba mzinga. Chukua .577: risasi pana kama milimita 15, kichwa chake kina gramu 48 na zaidi, bunduki yenyewe kilo 6. Ukiipiga, bega linalia. Wengi waliamini ndovu ni mkubwa, kwa hivyo risasi lazima iwe kubwa. Inaskika sawa, ama?

Bell alijaribu zile kubwa, hazikumbamba. Akabaki na ndogo, na hapo ndipo swali letu linaanza, kwa sababu zile ndogo zilikuwa zinafanana sana. Tuziweke mezani:

Ya kwanza, .256 Mannlicher. Milimita 6.5, kichwa gramu 10.4. Kabunduki kazuri, kepesi, kamepewa kichwa kirefu kama penseli.

Ya pili, .275 yetu ya Mauser. Milimita 7, kichwa gramu 11.2.

Ya tatu, .303 ya jeshi la Uingereza. Kichwa gramu 13.9.

Ya nne, .318 ya Westley Richards. Kichwa gramu 16.2, na inakimbia kuliko .303, kama mita 730 kwa sekunde.

Kutoka ndogo hadi kubwa, tofauti ya upana haifiki milimita 2. Kati ya .256 na .275 ni nusu milimita! Ukiziweka mkononi bila kuambiwa, unaweza kosa kuzitofautisha. Na zote nne Bell alizitumia, na zote nne ziliua ndovu.

Kwa hivyo alichagua aje? Alitumia mambo matatu, na yote yako na akili.

Kwanza, umbo la kichwa. Fikiria msumari na nyundo. Ukipiga ukuta na nyundo, kishindo ni kikubwa lakini haiingii. Msumari ni mwembamba, mrefu, unazama. Kichwa cha .275 alichotumia kilikuwa kirefu kwa upana wake, ncha ya mviringo, na kimefunikwa chuma kigumu kote. Hakipasuki, hakipindi njia, kinapita mfupa wa kichwa cha ndovu kikiwa bado kimenyooka. Hii haikuwa risasi ya kupanuka ndani ya nyama kama zile za swara. Ukitumia ya kupanuka kwa ndovu, inasambaratika kabla ya kufika.

Pili, uhakika. Hapa ndipo .256 na .318 zilipoteza. Bell aliipenda sana .256, lakini risasi alizokuwa anapata zilimwangusha, zingine zilikuwa na kasoro, na moja ikikosa kulipuka kwa wakati wake, unaweza kosa kurudi nyumbani. Na .318 ilimpea stress hiyo hiyo. Risasi za .275 alizonunua kutoka kiwanda cha DWM cha Ujerumani hazikuwahi kumwangusha. Umeona? Haikuwa kwamba milimita 7 ni uchawi. Ilikuwa kwamba kiwanda kilifanya kazi safi.

Tatu, yeye mwenyewe. Bunduki nyepesi haichoshi ukitembea. Na huyu msee alitembea! Yeye mwenyewe alikadiria kwamba kila ndovu dume aliyemuua, alikuwa ametembea wastani wa kilomita 117. Mwaka mmoja alimaliza pea 24 za viatu. Tena bunduki ndogo hairudishi bega nyuma, kwa hivyo risasi ya pili inatoka haraka, na mlio wake haushtui kundi zima kama ule wa mzinga.

Mwishowe hesabu ilifika ndovu 1,011. Karibu 800 kati yao husemwa walianguka kwa .275.

Siri haikuwa kwa risasi

Hapa sasa uskize vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi huishia njiani.

Bell alichukua kichwa cha ndovu aliyekufa akakikata kwa msumeno katikati, aone ubongo uko wapi haswa. Ubongo wa ndovu si mkubwa, na uko nyuma sana, umezungukwa na mfupa ulio na vijishimo kama sponji. Ukipiga paji la uso ukidhani umemaliza, umemkasirisha tu. Bell alisoma hiyo ramani hadi akaijua kutoka kila upande: mbele, kando, hata kutoka nyuma kwa pembe, risasi ikipita shingoni hadi kwa ubongo. Hiyo ya nyuma hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Halafu alifanya mazoezi kila siku. Alikuwa anabeba bunduki yake mwenyewe, si kumwachia mpagazi, na anailenga vitu njiani bila risasi hadi mkono ukazoea wenyewe. Kuna stori ya Jinja, kando ya Ziwa Victoria, ambapo aliamua kumaliza risasi zake za .318 asizozitaka tena kwa kupiga ndege waliokuwa wanapita angani juu ya maji. Walioangalia wakadhani anatumia bunduki ya ndege, ile ya kumwaga vyuma vidogo vingi. Hapana, ilikuwa risasi moja, ndege mmoja.

Na zaidi ya yote, alikaribia. Ndovu wake wengi hakuwapiga kutoka kilima kingine. Alitembea hadi awe karibu kiasi cha kuwahesabia kope.

Sasa rudi kwa yule Mwaata wa Tana na mshale wake. Mmoja alizaliwa kwa nyumba ya kitajiri Scotland, mwingine alizaliwa kichakani karibu na Garsen. Hawakuwahi kusoma kitabu kimoja. Lakini wote walifika pale pale: jua mwili wa mnyama, sogea karibu, tumia kitu chembamba kinachozama, hakikisha hakitakuangusha.

Beef ya leo ya wasee wa bunduki

Unajua huko majuu bado wanapigana? Kuna kambi ya milimita 6.5 na kambi ya milimita 7. Mwaka wa 1980 ilitoka 7mm-08, ambayo ukiiangalia ni kama mjukuu wa ile ya Bell. Mwaka wa 2007 ikatoka 6.5 Creedmoor. Wako na wawindaji wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani: wananunua maganda, fataki, baruti na vichwa, wanapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, wanaandika kila kitu kwa daftari. Halafu wanabishana usiku kucha ni ipi kali.

Na kila mara kuna mmoja atamleta Bell kwa mjadala. Kambi ya risasi ndogo inasema, oneni, alimaliza ndovu na kitu kidogo, mizinga ni ya nini? Kambi ya risasi kubwa inasema hiyo ilikuwa bahati.

Wote wanakosea. Ukipiga mnyama kutoka mbali, mita 400 au 500, umbo la kichwa ni muhimu ukweli: kirefu na chembamba hakipotezi kasi haraka na upepo haukisukumi sana. Lakini kati ya 6.5 na 7, vichwa vikiwa na umbo sawa, tofauti ni ndogo kuliko kosa la mkono wako ukishika pumzi vibaya. Yule anayejijazia risasi akapata mchanganyiko mmoja unaopiga mahali pamoja kila siku, iwe asubuhi ya baridi ama jua la mchana, huyo amemshinda mwenye risasi kali asiyoijua.

Na Bell hakuwa ushahidi wa kupiga mbali. Alikuwa ushahidi wa kukaribia. Wengine walioskia stori yake wakashika bunduki ndogo bila kusoma kile kichwa kilichokatwa, wakajeruhi wanyama, na wengine wakakanyagwa. Ndiyo maana nchi nyingi za Afrika zikaweka sheria ya risasi ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari, mara nyingi .375. Sheria haikutungwa kwa ajili ya Bell, ilitungwa kwa ajili ya wale waliodhani wao ni Bell.

Mwisho wake

Baada ya Karamoja aliingia Lado, kipande cha ardhi kando ya mto Nile ambacho kilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipokufa Desemba 1909, wawindaji wa pembe walimiminika huko, na Bell alikuwa ndani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja akawa rubani, akaruka Tanganyika dhidi ya Wajerumani, akapata nishani ya Military Cross, na baadaye ya pili. Inasemwa alipenda kuruka peke yake, bila mtu wa pili, ndiyo apate nafasi ya kupiga mwenyewe.

Alioa, akaandika vitabu, akajenga mashua ya kifahari, akatulia Scotland kwenye milima. Moyo ulisimama 1954. Moja ya bunduki zake za .275 ilinunuliwa na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, akampa mtoto wa Harry Selby, mwindaji maarufu wa Kenya. Kitabu chake cha mwisho kilitoka 1960, yeye akiwa tayari kaburini.

Sasa, 1,011 ni wengi aje?

Tusidanganyane. Hizo pembe zilienda Ulaya na Marekani kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Ufundi wote ule, kusoma fuvu, kutembea kilomita 117, kuchagua kati ya gramu 10 na gramu 11, uliishia kuwa mziki kwa sebule ya mtu ambaye hakuwahi kuona ndovu.

Na ile siri ya risasi ndogo haikuzikwa na Bell. Miaka ya 70 na 80, majangili wenye AK-47 walipita Tsavo na Tana. AK inatumia risasi ndogo pia, hata fupi kuliko ya Bell. Hawakuhitaji kusoma fuvu, walimwaga tu risasi nyingi. Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka wa 1973. Kufika 1989 walibaki kama 16,000. Gova ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu Mei 1977, na Julai 1989 tani 12 za pembe zikachomwa Nairobi mbele ya dunia. Wawaata nao, ambao misitu ilikuwa jikoni kwao, walikuwa wameshaitwa majangili tangu miaka ya 50 na wengi kutupwa jela, ilhali mzungu aliyeangusha 1,011 aliandika vitabu.

Hiyo ndiyo sehemu inauma. Ufundi ulikuwa mmoja. Mwenye leseni akaitwa bingwa, mwenye uta akaitwa mhalifu. Na ndovu hakuuliza nani alikuwa na karatasi.

Kwa hivyo siku nyingine basi ikisimama Garsen, dereva ameenda kutafuta chai, shuka unyooshe miguu. Angalia ile nyika inayoelekea Tsavo. Ndovu walipita hapo kwa maelfu. Na ukiskia wasee wanabishana ni risasi gani kali, 6.5 ama 7, waambie kuna msee alijibu hilo swali zaidi ya miaka 100 iliyopita, jibu likawa tofauti ni ndogo sana. Halafu waambie ni ndovu wangapi walikufa kabla apate hilo jibu.

Wewe unaona aje, Bell alikuwa bingwa ama jangili aliyebahatika na wakati? Tuachie maoni yako hapo chini.